Mfereji wa Waridi

Siku Mzee Lukumani alipobebwa juu ya kiti kutoka nyumbani kwake kwenda nyumbani kwa binti yake mdogo, binti yake mkubwa, Waridi, alikuwa uani anapepeta mchele, wala hakuinua kichwa. Alisikia wanaume wawili wakipishana mlangoni. Alisikia baba yake akikohoa, na mdogo wake Nuru akisema, "Polepole, angalieni muguu yake." Kisha hatua zikateremka njiani. Hazikwenda mbali. Nyumba ya Nuru ilikuwa chini ya mteremko uleule, hatua themanini tu, na hilo ndilo lililomuuma Waridi kuliko yote. Kama wangempeleka mji wa mbali, Kabambare, asingesikia kitu. Lakini hapo chini angesikia kila kicheko.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1953, na mvua zilikuwa zimeanza Kasongo, mashariki mwa Kongo.

Waridi alikuwa amefika miaka arobaini. Aliwahi kuolewa huko Kabambare, akakaa kwa mume miaka kumi na mmoja bila kupata mtoto. Mume alipooa mke mwingine, yeye alijitwika sanduku lake kichwani akarudi kwao kwa miguu. Baba yake alimpokea mlangoni bila kumwuliza neno. Mama yao alikufa mwaka huohuo, na tangu hapo, miaka saba mizima, Waridi ndiye aliyempikia mzee uji, aliyemchotea maji ya kutawadha, aliyemsomea barua zilizotoka kwa ndugu wa mbali. Katika mtaa wa Waislamu watu walimwita Waridi wa Lukumani, kama wanawake wengine wanavyoitwa kwa jina la mume. Jina hilo alilipenda.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi, na zamani ilikuwa na paa la nyasi lililoshuka chini kama kofia ya mpagazi. Miaka miwili kabla ya siku hiyo, Waridi alivuna mpunga mwingi, akauza, akang'oa nyasi zote na kuezeka mabati. Yalikuwa mabati ya kwanza katika njia ile. Mvua ya kwanza ilipopiga juu yake, Mzee Lukumani aliketi barazani akasikiliza, akasema, "Sasa tuko kama watu wa posta, kule kwa Wazungu." Waridi alicheka mpaka akashika mbavu.

Lakini masika hayo hayakupita kabla ukuta wa nyuma, ule wa chumba cha mzee, haujaanza kunyonya maji. Kwanza ilikuwa alama nyeusi ya urefu wa kidole. Mwaka wa pili ikapanda mpaka magotini. Udongo wa kupaka ulidondoka vipande vipande, mkeka ukaota ukungu, hata msahafu uliokuwa juu ya rafu ukavimba kurasa. Waridi alipaka ukuta upya kila mwezi. Kila asubuhi alipofagia ua, alisukuma udongo wote nyuma ya nyumba, akaurundika chini ya ukuta na kuukanyaga, ili ukuta upate pa kuegemea. Juu ya tuta hilo alipanda mchaichai kwa ajili ya chai ya baba yake, na maji ya kuoshea vyombo alimwaga hapohapo.

Kifua cha mzee kilipozidi kubana, muuguzi wa dispensari alikuja kumwona. Aliingia chumbani, akavuta pumzi moja, akatoka.

"Mutu wa kifua hawezi kulala humu," alisema. "Humu iko kama ndani ya kisima."

"Atalala chumbani kwangu," alisema Waridi.

Muuguzi aliingia chumba cha Waridi, ambacho kilikuwa upande uleule wa nyuma, akatikisa kichwa.

"Kwangu iko kukavu," alisema Nuru.

Alilisema haraka sana. Waridi alikumbuka haraka hiyo kwa siku nyingi. Ilionekana kama neno lililokuwa tayari mdomoni, likisubiri mlango ufunguliwe.

*

Nyumba ya Nuru ilijengwa na mumewe, Hemedi. Hemedi alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa watu wanaotunza barabara ya Kabambare, wale wanaofukia mashimo na kuchimba mifereji ya pembeni ili mvua isiile barabara. Paa lake lilikuwa la nyasi bado, na kabla ya hapo Waridi aliidharau nyumba ile kimyakimya. Sasa alipokwenda kumwona baba yake, aliitazama kwa macho mengine. Msingi wake ulikuwa juu kiasi cha goti. Ardhi iliyoizunguka ilikuwa imeinamishwa kutoka ukutani kwenda nje, na pale matone ya paa yalipoangukia palikuwa na mstari wa mawe ya mtoni. Baada ya mawe, mfereji mwembamba uliizunguka nyumba yote na kukimbilia bondeni. Ndani, sakafu ilikuwa kavu kama ubao.

Mzee Lukumani alikuwa ameketi barazani, mabinti wawili wa Nuru wakiwa miguuni pake. Alikuwa akiwasimulia jinsi baba yake mwenyewe alivyovuka Lualaba na ng'ombe mmoja ndani ya mtumbwi. Kisa hicho Waridi alikijua neno kwa neno. Alidhani ni chake.

"Waridi, keti," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa imefunguka. "Humu nalala kama mutoto. Hata nguo hainuki. Huyu Hemedi iko na akili ya maji."

"Nashukuru Mungu, baba," alisema Waridi.

"Yaya, ngoja ule," alisema Nuru kutoka jikoni; ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa. "Nimepika sombe."

"Nimekula."

Hakuwa amekula. Alipanda mteremko na njaa yake, akaketi katika chumba kitupu cha baba yake, akaangalia alama nyeusi ukutani. Kila neno la sifa alilolisikia kule chini lilikaa naye. Nuru alikuwa na mume. Nuru alikuwa na mabinti wawili wenye afya. Nuru alikuwa na nyumba ambayo hata maji yaliiheshimu. Yeye alikuwa na kitu kimoja tu, na Nuru alikuja na kiti na wabebaji wawili akakichukua.

Wiki ya pili alianza kuitazama barabara. Ilipita upande wa juu wa nyumba yake, na katika kiangazi kilichopita Hemedi na watu wake walikuwa wamechimba mfereji mpya pembeni mwake. Kabla ya mfereji ule, Waridi alijiambia, ukuta haukulowa namna hii. Haikuwa kweli. Lakini alivyolirudia neno hilo ndivyo lilivyozidi kukaa vizuri. Siku moja sokoni, kati ya wauza mchele, alisema kwa sauti ya kutosha:

"Shemeji yangu amechimba mufereji na watu wa Serikali. Maji ya barabara ananitupia mimi, nyumba yake inabaki kavu. Sasa baba iko kwake. Mutu akitaka kumunyang'anya mwenzake baba, anaanza na maji."

Mmoja wa wanawake akasema, "Kumbe," na hilo lilitosha.

Neno lilitembea. Lilibadilika njiani, kama kawaida ya maneno, na lilipofika kwenye ofisi ya barabara lilikuwa linasema kwamba kapita Hemedi anatumia wafanyakazi wa Serikali kujengea nyumba yake. Enzi zile za Wabelgiji jambo kama hilo lilimpeleka mtu gerezani. Mzungu wa barabara alimwita Hemedi, akamsimamisha juani nje ya ofisi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha akamwambia kwamba ataulizia habari hiyo na ole wake akikuta ni kweli.

Jioni hiyo Nuru alipanda kwa dada yake. Hakukaa.

"Yaya, Hemedi amekukosea nini?"

"Uliza maji," alisema Waridi.

*

Mkubwa wa mtaa aliitwa Faradji, mtu mnene mwenye haraka kidogo na subira nyingi. Aliona kwamba Mzungu akija kuuliza kabla mtaa haujapata jibu lake, atafungwa mtu. Akawaita Waridi na Hemedi barazani kwake, akawasikiliza wote wawili, akasema:

"Mimi sijui mambo ya mifereji. Tutangoja mvua, tutaenda kuangalia maji inapita wapi. Maji haiwezi kusema uongo mbele yetu wote."

Mvua ilikuja siku ya tatu, mchana. Faradji alitoka na jani la mgomba kichwani, na nyuma yake Hemedi, Waridi, Nuru, na majirani wengi kuliko aliowaita. Hemedi alibeba kikapu cha makapi ya mpunga. Walisimama barabarani, juu ya nyumba ya Waridi, na Hemedi akamwaga konzi moja ya makapi ndani ya mfereji. Makapi yalielea, yakakimbia, yakapita nyumba ya Waridi bila hata kugeuka, yakapinda penye jiwe kubwa na kuanguka bondeni. Akamwaga mara ya pili, na ya tatu. Hakuna hata kapi moja lililoshuka kwa Waridi.

"Sasa twende nyuma ya nyumba," alisema Faradji.

Huko nyuma, mabati yalikuwa yakimwaga maji kwa mstari mmoja ulionyooka, karibu kabisa na ukuta, na yote yaliangukia juu ya tuta. Hemedi alitupa makapi hapo. Yalizunguka kidogo kati ya miche ya mchaichai, yakasimama. Maji chini yake yalizama taratibu. Hayakuwa na pa kwenda isipokuwa ukutani.

Hemedi aliuliza kama anaruhusiwa kuingia. Aliingia chumbani na mpini wa jembe, akausimamisha sakafuni, akaweka alama ya kidole mahali dirisha linapoanzia. Akatoka nje akaupima tena kutoka dirishani kwenda chini. Alama haikushuka mpaka dirishani. Mpini uligonga udongo mapema, alama ikabaki juu kwa urefu wa mkono kuanzia kiwiko.

"Shemeji," alisema, naye hakusema kwa ukali, "udongo yako ya inje iko juu kuliko kitanda ya baba."

Hakuna aliyecheka, na Waridi angependa wacheke. Alisimama katika mvua, nguo imemgandia mwilini, akaona mambo mawili kwa mara moja: mabati aliyojivunia ndiyo yaliyomwaga maji, na tuta alilolikanyaga kila asubuhi kwa mapenzi ndilo lililoyashika. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa baba yake chumbani.

"Nimesema uongo sokoni," alimwambia Faradji. "Nitaenda kusema ukweli palepale."

Alikwenda kesho yake, akasema mbele ya wauza mchele walewale, na Faradji akapeleka habari ofisini. Hemedi akabaki na kazi yake.

"Nitakuja na wadogo zangu tukutolee hii udongo," Hemedi alimwambia. "Siku mbili tu."

"Hapana," alisema Waridi. "Nitaitoa mimi."

Nuru alidhani dada yake anaona haya. Haikuwa haya. Waridi hakutaka mkono wa mtu yeyote wa nyumba ile uguse ukuta wa baba yake. Alitaka siku moja mzee arudi, alale, aamke na kusema mbele ya Nuru kwamba humu ni kukavu zaidi.

*

Alimwendea Théophile, mwashi Mkristo aliyefanya kazi misheni na ambaye mkewe alinunua mchele kwake. Théophile alikuja Jumapili baada ya misa, akaizunguka nyumba mara mbili mikono mgongoni.

"Mama Waridi, paa yako ni nzuri," alisema. "Shida yake ni kwamba ni fupi. Nyasi zilikuwa zinatupa maji mbali, bati inaiangusha mguuni mwa ukuta. Basi wewe chini uifanyie njia. Ondoa udongo mpaka uone msingi. Halafu ardhi ishuke kutoka ukutani, hatua tatu, ishuke kiasi cha kiganja. Usipande kitu hapo. Pale bati inapodondosha, panga mawe, tone lisichimbe shimo. Na baada ya mawe, mfereji."

"Na mfereji uende wapi?"

Théophile alinyoosha mkono upande wa kushoto, kwenye bonde. "Kule. Ardhi ya kule ni mawe matupu, utateseka. Lakini maji unayoifukuza kwako, ujue inakwenda kulala kwa nani."

Waridi alichimba majuma matano. Alianza baada ya sala ya alfajiri, akaacha jua lilipochoma, akarudi alasiri. Alibeba tuta lote kwa kikapu na kulimwaga shambani. Msingi ulipojitokeza, mweusi na wenye mizizi ya mchaichai iliyojipenyeza kati ya matofali, alikaa chini akaung'oa mzizi mmoja mmoja kwa kisu. Mawe aliyatoa kijitoni, manane kwa safari moja. Mikono yake ilipasuka, ikaota ngozi ngumu. Watu waliopita walimsalimu kwa heshima mpya, naye aliitikia bila kusimama.

Kutoka kule chini zilimfikia sauti. Alimsikia baba yake akiita, "Nuru, Nuru, njoo uone," na hakujua Nuru aliitwa aone nini. Siku nyingine alisikia wote wakicheka, mzee, Nuru na watoto, kicheko kirefu kilichokatika na kuanza tena. Hemedi alikuwa safarini, upande wa Wamaza, ambako daraja lilikuwa limevunjika. Hata bila mume mle ndani walikuwa na furaha.

Siku ya kicheko hicho Waridi alikuwa amefika kwenye mawe. Mfereji ulikuwa umeizunguka nyumba na kutokea kona ya kushoto, na mbele yake zilibaki hatua arobaini za ardhi nyekundu ngumu mpaka bondeni. Alipiga jembe, likaruka. Alipiga tena, likatoa kipande kidogo kama cha sabuni. Alisimama akaangalia chini. Upande wa njia, ardhi ilikuwa laini, na ilishuka yenyewe, moja kwa moja, mpaka nyuma ya jiko la Nuru.

Aligeuza jembe.

Alijiambia mengi wakati akichimba. Alijiambia kwamba maji yatapotea njiani. Alijiambia kwamba Hemedi ndiye mwenye akili ya maji, basi ayashughulikie. Alijiambia kwamba ni kwa muda tu. Kazi iliyokuwa imebaki ya majuma aliimaliza jioni moja.

*

Mvua kubwa ilipiga katikati ya Desemba, baada ya alasiri. Anga lilishuka mpaka juu ya miti, upepo ukazima ghafla, halafu maji yakaja kwa wingi kiasi kwamba mabati hayakutoa tena sauti ya matone bali ngurumo moja. Waridi aliingia chumba cha baba yake, akapiga magoti chini ya dirisha. Ukuta ulikuwa baridi, lakini haukulowa. Sakafu haikuwa na hata doa. Nje, maji yalianguka juu ya mawe, yakaingia mferejini, yakaondoka.

Alifurahi kama mtoto. Alikaa pale chini akawaza jinsi atakavyotandika mkeka mpya, jinsi atakavyoshuka kwa Nuru na kusema, kwa adabu tu, kwamba sasa mzee anaweza kurudi kwake.

Kisha alisimama akachungulia upande wa njia. Maji yake yalikuwa yanashuka, mekundu, mapana kama shuka. Chini, mfereji mdogo wa Hemedi, uliochimbwa kwa maji ya nyumba moja, ulikuwa umejaa mpaka mdomoni. Akaona ukifurika. Akaona maji yakigonga ukuta wa jiko la Nuru, yakitafuta njia, yakizunguka kuelekea dirisha ambalo nyuma yake baba yake alilala.

Alisimama akitazama. Haukuwa muda mrefu, labda kiasi cha mtu kufunga kilemba. Lakini katika muda huo hakufikiri juu ya baba yake. Alifikiri: sasa na kwake pamelowa. Baadaye maishani, hilo ndilo aliloshindwa kujisamehe, kuliko hata kugeuza jembe.

Ukuta wa jiko uliinama, ukaanguka ndani.

Hapo ndipo alipokimbia. Alichukua jembe, akafika penye kona ambako mfereji uligeukia njiani, akarusha udongo kuuziba. Maji yaliubeba. Akarusha tena, yakaubeba. Akarudi ndani, akaburuta gunia la mpunga wake, mbegu aliyoiweka kwa msimu ujao, akalitumbukiza mferejini, kisha la pili juu yake. Maji yakasimama. Kisha yakaanza kupanda, yakirudi nyuma, kuelekea ukuta alioutunza majuma matano. Waridi aliyapa mgongo, akaanza kupiga ile ardhi ngumu ya upande wa bonde. Mvua ilikuwa imeilainisha kidogo, kidogo tu.

Hakumsikia Nuru akifika. Aliona jembe la pili likishuka kando ya lake. Nuru alikuwa amelowa, matope mpaka mapajani.

"Baba?" Waridi aliuliza.

"Nimemuweka juu ya meza. Maji ilifika hapa," alisema Nuru, akagusa kifundo cha mguu. "Chimba."

Walichimba pamoja. Mwishowe maji yalipata ufa, yakaupanua yenyewe, yakaanza kuchirizika kushoto, kisha kukimbia, mpaka wakayasikia yakianguka bondeni. Mvua nayo ikapungua. Nuru aliegemea mpini akaufuata mfereji kwa macho, kutoka kona ya nyumba mpaka kwenye magunia, na kutoka kwenye magunia mpaka chini kwake. Mkondo ulikuwa umenyooka. Mtu yeyote angeona kwamba ulichimbwa kwa makusudi.

"Yaya, ulijua itafika kwangu?"

Waridi angeweza kusema hapana. Nuru alikuwa amemwachia nafasi ya kusema hapana.

"Nilijua."

"Na baba iko ndani."

"Nilijua pia."

Nuru alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe ulikaa naye miaka saba. Kila nikija, ananiuliza Waridi iko wapi, Waridi amekula, Waridi amesema nini. Mimi nimekuwa naye miezi miwili. Hata hii miezi miwili ilikuwa mingi kwako?"

Aliweka jembe begani akateremka.

*

Ukuta wa jiko Waridi aliujenga upya kwa mikono yake, Théophile akimwonyesha, na Nuru akipika nje chini ya turubai bila kumtazama. Hemedi aliporudi kutoka Wamaza aliambiwa yote. Alipanda, akatembea kando ya mfereji wa Waridi, ambao sasa ulifika bondeni, akachuchumaa mahali pawili patatu kuangalia sakafu yake.

"Mwinamo wake ni mzuri," alisema. "Lakini ile siku sitaisahau, shemeji."

"Usiisahau," alisema Waridi.

Mzee Lukumani hakuambiwa. Labda alijua. Aliwaona binti zake wakisalimiana kama wageni, miezi yote ya mvua, mpaka mwezi wa Ramadhani, Nuru alipotuma binti yake na bakuli la uji wa kufuturu bila ujumbe wowote. Waridi alilirudisha bakuli likiwa na tende. Mambo yalianzia hapo, polepole, naye hakutaka yaende haraka kuliko alivyostahili.

Kiangazi ukuta ulikauka mpaka ndani. Mwezi wa saba mzee alisema mwenyewe kwamba anataka kulala chumbani mwake, penye dirisha lake, na wakampandisha. Oktoba, mvua zilipoanza tena, Nuru alikuja siku ya mvua ya tatu. Alisema amekuja kumsalimu, lakini macho yake yalikwenda ukutani. Aliinua ukingo wa mkeka. Alinusa shuka. Alichungulia dirishani na kuona maji yakianguka juu ya mawe na kwenda zake.

"Iko kukavu," alisema.

"Iko kukavu," alisema Waridi.

Aliona uso wa mdogo wake ukijifunga. Aliutambua uso huo. Aliuvaa yeye mwenyewe mwaka mzima. Nuru alikuwa ametumaini kidogo kukuta doa. Na Waridi, alipoliona hilo, alisikia furaha ikimpanda kifuani, kali na tamu, naye akaionea haya wakati uleule ikiendelea kupanda.

Nuru aliaga. Alikuwa amefika barazani Waridi alipomwita.

"Mudogo wangu, rudi. Tangu jana hataki kula kwa mukono yangu. Jaribu wewe."

Akampa sahani ya wali na kijiko. Nuru alikaa kando ya kitanda, na mzee, aliyemkatalia Waridi tangu jana, akafungua kinywa mara moja. Waridi aliangalia kijiko cha kwanza, na cha pili. Ilimuuma. Kisha akaenda nje, akashika ufagio, akaondoa majani yaliyokuwa yameanza kuziba mfereji.